Nchi ya Wamwera na Wapimaji Wake

Msomaji akiifungua ramani ya Tanzania na kushusha macho upande wa kusini-mashariki, atauona Mto Mbwemkuru ukiteremka kuelekea Bahari ya Hindi, na kusini yake Mto Lukuledi ukienda kumwagika katika hori ya Lindi. Kati ya mito hiyo miwili ndipo ilipo nchi ninayokusudia kuizungumza. Kata ya Malolo, katika Wilaya ya Ruangwa, imo humo. Mji wa Nachingwea umo humo. Na uwanda wa juu wa Rondo umesimama upande wa mashariki kama baraza ya nyumba. Wenyeji wake wa tangu zamani ni Wamwera, na pamoja nao wamekaa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo, wakaoana na kuzikana kwa muda mrefu hata ikawa kazi ngumu kumtenga mmoja na mwenziwe, ila kwa lafudhi na kwa ngoma za jando.

Nchi hii ni ya pembeni machoni mwa wengi, walakini imepimwa na wageni zaidi ya nchi nyingi zilizo katikati. Tangu miaka ya 1890 wamekuja watu wa kila namna wakiwa na vyombo vyao: mmoja alitafuta mawe, wa pili alitafuta desturi za watu, wa tatu mifupa, wa nne karanga. Kila mmoja aliondoka na kitabu au na sanduku. Swali langu mimi ni jepesi: yule aliyewaonyesha njia, aliyewaambia jina la kijito na mahali pa kuchota maji wakati wa kiangazi, ameandikwa wapi? Naliuliza hivi sasa kwa sababu twasikia kila siku kwamba kusini nako kuwe nchi ya kupokea watalii, na mtalii hununua hadithi kabla hajanunua kitanda cha kulalia. Hapana budi tujue hadithi hiyo ni ya nani.

Kabla ya ramani ya karatasi palikuwa na ramani iliyokaa vichwani. Wamwera huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na haki ya kulima ilipita kwa mjomba. Mtu hakuulizwa ana eka ngapi. Aliulizwa ni mpwa wa nani, na shamba lake liko upande gani wa mto gani. Ardhi ilipochoka waliihama, msitu ukaota tena, na baada ya miaka mingi wajukuu wakairudia. Kijiji aghalabu kiliitwa kwa jina la mkubwa wake, na mkubwa alipohama au alipofariki, jina nalo lilihama. Hapo ndipo wapimaji wengi wa kwanza walipokwama. Waliandika jina la mtu wakidhani ni jina la mahali, na mwenzao aliyefuata baada ya miaka kumi, ramani mkononi, alikuta pori tupu.

Lakini majina ya maji hayakuhama. Kijito, kisima, bonde linaloshika unyevu: hayo yalikuwa na majina ya kudumu, maana uhai ulitegemea kuyajua. Vivyo hivyo sehemu za ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huichimba wakati wa kiangazi na kuila kwa furaha hata mwaka wa mavuno, na kwa shukrani zaidi mwaka wa njaa. Mwanamke anayejua ming'oko anajua udongo gani ni mwepesi na upi ni mzito, upi hushika maji na upi huyaacha yapite. Nimepata kuwasikia akina mama wakibishana juu ya jambo hilo kwa ufasaha ambao ungemfaa bwana shamba yeyote.

Miongoni mwa wapimaji, wa kwanza ninayemtaja ni yule wa mawe. Wilhelm Bornhardt, Mjerumani mjuzi wa miamba na madini, alizunguka koloni hili katika miaka ya 1890, kusini kukiwamo, na mwaka 1900 kitabu chake kikubwa juu ya sura ya nchi na miamba yake kikatolewa Berlin. Katika kitabu hicho alilipa umbo moja la nchi jina ambalo limekaa katika jiografia ya dunia nzima: "Inselberg", yaani mlima-kisiwa. Alimaanisha majabali yanayosimama peke yake juu ya tambarare kama visiwa juu ya bahari. Anayesafiri kati ya Masasi na Nachingwea huyaona pande zote za barabara: meusi, ya mviringo, yamejitokeza juu ya miti bila kilima cha kuyatangulia. Baadaye wataalamu walilipa jabali la namna ile ya kuba jina la Bornhardt mwenyewe. Hivyo mwanafunzi wa London au Chicago anayejifunza sura za nchi hutaja, pasipo kujua, mandhari ya nchi kama ile ya Masasi, ambako wenyeji walikuwa na jina la kila jabali peke yake, Mtandi likiwa mojawapo. Simlaumu Bornhardt. Elimu huhitaji jina la jumla, nalo jina lake limefaa. Nasema tu kwamba jina la jumla lilisafiri duniani, na majina ya kila jabali yalibaki nyumbani bila kuandikwa.

Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ilizuka katika Umatumbi na kuteremka upesi kusini. Boma la Liwale lilichomwa, na mwezi wa Agosti misheni ya Wabenediktini ya Nyangao, katika nchi ya Wamwera, ilishambuliwa. Wajerumani walijibu kwa bunduki na kwa kuchoma vyakula. Na waliokufa kwa njaa, katika kusini nzima, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Hayo yameandikwa na wanahistoria wetu wala sina haja ya kuyarudia yote. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha. Ninalotaka msomaji alishike ni moja: wataalamu waliokuja baada ya 1905 walipima nchi iliyokuwa imetoka kuungua. Vijiji walivyoviona vidogo na vichache havikuwa hivyo kwa asili yake.

Karl Weule, mkuu wa makumbusho ya mila za watu huko Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906. Hakukusudia kusini, safari yake ilikuwa ya Kondoa-Irangi, ila machafuko ya huko yalimgeuza njia. Alipita nchi ya Wamwera kwenda Masasi na Newala, akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya picha za kusogea, vitu ambavyo mtafiti wa zama zile alikuwa nadra kuwa navyo pamoja. Alipiga picha za ndonya za wanawake, akanasa nyimbo, akaandika juu ya unyago, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Nimekisoma katika tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1909. Kuna mengi humo ya kumkasirisha Mwafrika, maana Weule ni mtu wa dola yake na huwatazama wenyeji kama mwalimu atazamavyo watoto wa darasa la kwanza. Hata hivyo, alifanya jambo moja jema ambalo wengi hawakulifanya: aliwapa wapagazi wake karatasi na penseli akawaambia wachore. Pesa Mbili, Mnyamwezi aliyekuwa kiongozi wa wapagazi, alichora. Sabatele, Mmambwe, alichora barabara kuu ya misafara na njia zinazoikata. Leo wataalamu wa historia ya ramani huitaja michoro hiyo kuwa ushahidi kwamba mpagazi hakuwa kichwa cha kubebea mzigo tu. Alikuwa na nchi nzima ndani ya kichwa hicho. Na tazama: majina yao tunayajua kwa sababu mtu mmoja alikubali kuyaandika chini ya picha.

Sasa nakuja Tendaguru, na hapa nitakaa kidogo.

Tendaguru ni kilima kilicho yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kusini ya Mbwemkuru, katika nchi ile ile ya Wamwera. Vitabu husema kwamba mifupa ya dainosaria iligunduliwa huko mwaka 1906 na Bernhard Sattler, injinia Mjerumani wa kampuni iliyotafuta madini. Neno "iligunduliwa" lina mambo yake. Mifupa ilikuwa imejitokeza juu ya udongo, mikubwa kama magogo, katika nchi ambayo watu waliwinda, walichimba mizizi na kupita kwenda kwa wakwe zao. Haiwezekani iwe haikuonwa. Aliyoyafanya Sattler ni kupeleka habari Ulaya, na hilo ni jambo kubwa, lakini ni jambo jingine.

Mwaka 1907 alifika Eberhard Fraas wa Stuttgart kuthibitisha. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin ikawaleta Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea mpaka mwanzo wa mwaka 1913, mwishoni ukiwa chini ya Hans Reck. Wachimbaji walianza kwa mamia mawili kasoro, wakafika karibu 500. Walikuja na wake zao na watoto, ikawa kambi imegeuka mji mdogo wenye vibanda, mashimo na njia zake. Hawa ndio watu waliokuwa wametoka katika vita na njaa miaka miwili tu iliyopita. Ujira wa Tendaguru ulikuwa chumvi na kitambaa, na ulikuwa kodi ya Mjerumani.

Msimamizi mkuu wa machimbo aliitwa Boheti bin Amrani. Wajerumani wenyewe walikiri ustadi wake. Chini yake walikuwako wasimamizi wengine, kila mmoja na shimo lake. Mfupa ukionekana, ulifukuliwa kwa kisu na brashi, ukakaushwa, ukafungwa. Mifupa mirefu ilivikwa mianzi iliyopasuliwa na kuzungushwa kama pipa, ili isivunjike njiani. Kisha ilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka Lindi, mwendo wa siku tatu au nne, maana mbung'o hawakuruhusu punda wala ng'ombe. Yapata tani 225 zilipita njia hiyo kwa miguu ya watu. Msomaji ajaribu kuifikiri hesabu hiyo. Mzigo wa mpagazi mmoja wa kawaida ni kilo 30; basi ni maelfu ya safari, kwenda kwa mzigo na kurudi mikono mitupu, kwa muda wa miaka minne.

Matunda yake yanaonekana Berlin. Mifupa ya mnyama mkubwa kuliko wote, ambaye Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914 na ambaye wataalamu wa sasa humwita Giraffatitan, ilisimamishwa mwaka 1937, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13. Watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kumtazama. Alikufa yapata miaka milioni 150 iliyopita hapo kwenye udongo wa Wamwera, na amekuwa sababu ya watu wengi kulijua jina la Tendaguru ambao hawalijui jina la Lindi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuja Waingereza, kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Mkuu wao wa kwanza, William Cutler, alifia Lindi mwaka 1925 kwa malaria. Msaidizi wake kijana, aliyekaa naye miezi ya mwanzo, alikuwa Louis Leakey. Na nani aliyeitwa kuwaonyesha mahali pa kuchimba? Boheti bin Amrani yule yule. Dola mbili zilizopigana zilimhitaji mtu mmoja.

Naomba sasa tutazame majina, maana katika elimu ya viumbe jina ni kama hati ya shamba: aliyetajwa ndani yake ametajwa milele. Brancai ni heshima kwa Wilhelm von Branca, bwana mkubwa wa Berlin aliyeuendesha mradi akiwa mezani. Mwaka 1919 mnyama mwingine wa Tendaguru aliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki, kwa heshima ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Jenerali huyu ni nani kwa watu wa Nyangao na Ruangwa? Ni yule aliyepigana na Waingereza hapo Mahiwa, jirani na Nyangao, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, kisha akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Katika vita hiyo pande zote mbili ziliwachukua wanaume wa Afrika ya Mashariki kubeba risasi na vyakula, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi wa waliobeba mifupa mwaka 1911 walikuwa bado katika umri wa kubebeshwa masanduku ya risasi mwaka 1917. Basi mnyama aliyetolewa ardhini kwa jasho la wapagazi alipewa jina la mtu ambaye vita yake ilikula wapagazi. Sidhani aliyelitoa jina alilifikiri jambo hilo hata kidogo, na hapo ndipo uchungu wake ulipo.

Ilipita muda mrefu. Mwaka 2007 dainosaria mmoja wa Tendaguru, aliyekaa bila kutambuliwa vema katika makabati, aliitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Na mwaka 2019, miaka 106 tangu msafara wa Wajerumani ufungwe, mwingine aliitwa Wamweracaudia keranjei. Neno la pili ni kumbukumbu ya Mohammadi Keranje, aliyesimamia uchimbaji wa mifupa hiyo; na neno la kwanza maana yake ni "mkia wa Wamwera", kwa kuwa kilichopatikana ni pingili za mkia. Mzee mmoja niliyemsimulia habari hii alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema Wamwera wameingia Ulaya kwa mkia, lakini wameingia. Mimi ni mtu wa vina na mizani, na nakiri kwamba Wamweracaudia ni neno gumu kulitia katika shairi. Nitalijaribu.

Baada ya mawe, watu na mifupa yakaja mashamba. Hapa nataka kwanza kumtaja Clement Gillman, injinia wa reli aliyegeuka kuwa mtaalamu wa jiografia, kwa kuwa alikuwa mpimaji wa namna nyingine. Aliizunguka Tanganyika miaka mingi, na mwaka 1936 akatoa ramani ya watu ya nchi nzima. Alionyesha kwamba yapata theluthi mbili ya watu walikaa katika sehemu moja ya kumi ya nchi, na sababu yake kuu ilikuwa maji. Kwa maneno mengine, Gillman aliwatazama watu walipokaa akauliza kwa nini wamekaa hapo. Aliwachukua wenyeji kuwa ushahidi.

Alifariki mwaka 1946, na mwaka huo huo ujumbe wa Waingereza chini ya John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kutafuta mahali pa kulima karanga za mafuta kwa ajili ya Uingereza iliyokuwa na dhiki baada ya vita. Safari yao ilichukua wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani. Walirudi na hesabu: mashamba 107, kila moja eka 30,000, jumla eka 3,210,000, na kati ya mashamba hayo, 55 yawe katika Jimbo la Kusini, Nachingwea ikiwa kitovu chake. Gharama ilikadiriwa karibu pauni milioni 24. Matingatinga yakaja, reli ikajengwa kutoka pwani, bandari ya Mtwara ikachimbwa, na Nachingwea, iliyokuwa pori, ikawa mji wenye hospitali, maduka na uwanja wa ndege.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umeachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sababu zilizotajwa ni nyingi na za kweli: udongo mgumu, hasa wa Kongwa, mvua isiyotabirika, vipuri, mizizi iliyovunja majembe ya trekta. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, mpango wenyewe ukiwa umekwisha kuzikwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Mimi naongeza sababu moja ambayo sijaiona ikipewa nafasi yake. Wamwera walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono, kipande kidogo, zikichanganywa na mazao mengine, katika udongo waliouchagua. Kulikuwa na mtu wa kumwuliza. Wiki tisa za angani hazikumwacha mpimaji ashuke na kuuliza, na jibu la bibi mwenye jembe lisingetosha kujaza ripoti ya kupelekwa Bungeni London.

Wakati matingatinga yalipokuwa yakinguruma, padre mmoja wa Kiingereza wa upande wa Masasi alikuwa akikamilisha kazi tulivu zaidi. Lyndon Harries, ambaye sisi watunzi twamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ushairi wa Kiswahili, alitoa sarufi ya Kimwera mwaka 1950. Gharama yake haikufika bei ya trekta moja, na kitabu chake kingali kinafaa.

Mpango wa karanga uliacha kitu kingine ambacho wenyewe hawakukikusudia. Mashamba yake yalipewa namba badala ya majina, na Shamba Namba 17 la Nachingwea, pamoja na majengo yake, ndipo Tanzania ilipowapa FRELIMO mahali pa kufundishia wapigania uhuru katika miaka ya 1960. Samora Machel alikaa hapo. Mwezi Mei 1975 aliondoka Tanzania, akavuka Ruvuma na kuanza safari ya kuizunguka Msumbiji mpaka siku ya uhuru, tarehe 25 Juni. Kwa hiyo namba isiyo na maana, iliyotoka katika mpango ulioshindwa, ikawa jina la heshima kuliko majina mengi yaliyochaguliwa kwa makini. Wenyeji waliwalisha wapiganaji, wakawaficha, wakawazika. Hilo nalo ni sehemu ya jiografia ya Nachingwea, na msafiri kutoka Maputo atalielewa kabla hajaambiwa.

Mkoa wa Lindi ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, na Wilaya ya Ruangwa ikaundwa mwaka 1995. Katikati ya miaka hiyo, kati ya 1973 na 1976, watu walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mtoto wakati ule. Sikusudii kuhukumu hapa jambo lenye pande nyingi. Shule na zahanati zilipatikana, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba watu waliacha porini mahame yao, yaani makao ya zamani, pamoja na makaburi, miembe na majina. Kijiji kipya kilipewa jina moja. Mahame yaliyokizunguka yalikuwa na majina kumi. Mtoto aliyezaliwa baada ya 1976 anajua jina la kijiji. Mahame anayajua babu yake, kama yungali hai.

Sasa utalii. Hali imebadilika, na hapana sababu ya kulia kama zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulikuwa ukiifungia kusini mlango wakati wa masika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Msitu wa Rondo una komba wake mdogo, ambaye wanasayansi walimtambua kuwa wa aina yake katika miaka ya 1990. Huko Ruangwa wapimaji wa leo wanatafuta kinywe, madini yanayohitajiwa na betri za magari ya umeme, nao pia wana ramani zao.

Habari ya kuirudisha mifupa ya Berlin imejadiliwa sana. Mwaka 2018 Serikali yetu ilieleza kwamba inapendelea ushirikiano katika utafiti na uchimbaji kuliko kudai mnyama yule arudishwe. Wako wanaokasirika, na hasira yao ina msingi. Mimi nauliza jambo la karibu zaidi: akirudi kesho, au asiporudi, mgeni akifika Lindi tutamwonyesha nini, na nani atamsimulia? Nimemsikiliza kijana mmoja, hodari na mchangamfu, akiwaongoza wageni na kuwaeleza habari za Tendaguru. Tarehe alizitaja zote sawasawa. Janensch alimtaja, Hennig alimtaja. Nilipomwuliza juu ya Boheti, alinitazama kwa adabu akangoja nimwambie. Alisomea kazi yake katika vitabu vilivyoandikwa Ulaya, naye hana kosa, hatujamwandikia kingine.

Njia ya wapagazi kutoka Tendaguru mpaka Lindi inaweza kutembewa tena. Majabali ya Masasi na Nachingwea hayahitaji kujengwa. Shamba Namba 17 lipo. Lakini vitu hivyo vikitangazwa bila wenyeji, itakuwa kama mambo yalivyokuwa siku zote: mgeni atakuja na kitabu chake, atalipa fedha mjini, atapiga picha ya jabali, na mwenye jabali atauza madafu kando ya barabara kama ana bahati. Kiingilio kinachopatikana mahali fulani kiwe na fungu la kijiji cha mahali hapo, fungu lililoandikwa na kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji, maana fungu linalosemwa kwa mdomo hupungua njiani.

Na majina yaandikwe sasa. Katika ofisi za kata nilizopata kuzipitia kwa kazi ya serikali, nimeona daftari la wageni, daftari la mifugo na daftari la mbolea ya korosho. Daftari la majina ya nchi sikuliona. Kata kama Malolo haihitaji fedha nyingi kulianza. Yahitaji kijana anayeweza kuandika Kimwera, na wazee wawili watatu, mwanamke mmoja miongoni mwao kwa ajili ya visima na ming'oko, watakaokubali kutembea naye polepole. Wakati mzuri ni mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa zimekwisha kuungua, kwa sababu hapo mahame huonekana kwa mbali: penye miembe mitatu minne katikati ya pori, hapo palikuwa na mtu, na mzee atasema ni nani.